Kamera Kwenye Mgawanyo wa Maji: Historia ya Picha za Mandhari kutoka Dilolo hadi Kolwezi

Upigaji picha wa mandhari katika nchi ya Dilolo na Kolwezi ulianza kama sehemu ya upimaji, na kwa muda mrefu haukuwa na kazi nyingine. Waliobeba kamera za kwanza kwenye uwanda wa juu wa Lualaba walikuwa wapelelezi wa njia, wanajiolojia, wajenzi wa reli na wamisionari. Walipiga picha ya kilima kwa sababu ya madini yaliyokuwa chini yake, na ya mto kwa sababu ya daraja lililokusudiwa kujengwa juu yake. Mtu wa kupiga picha ya kilima kwa kuwa kilima kinapendeza alichelewa kufika, na alipofika alikuta vilima kadhaa vimekwisha kuchimbwa.

Nchi yenyewe haimrahisishii mpigapicha kazi. Dilolo iko magharibi kabisa mwa mkoa wa Lualaba nchini Kongo, mpakani na Angola, kwenye uwanda wa mchanga unaozidi kidogo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mlima wa kujaza fremu wala bonde refu la kuongoza jicho. Kuna mbuga za nyasi ambazo hujaa maji wakati wa mvua, vijito visivyo na haraka, na misitu ya miombo inayofanana kwa kilomita nyingi. Jambo kubwa la nchi hii halionekani kwa macho: hapo ndipo maji ya Kongo na maji ya Zambezi yanapoachana, kwenye tambarare ambayo msafiri huivuka bila kujua amevuka nini. Kuelekea mashariki ardhi hupanda. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na huko hujitokeza vilima vya shaba vilivyovaa nyasi tupu, kwa kuwa udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti.

Mwanga nao una masharti yake. Katika kipwa, yaani kiangazi cha Mei hadi Septemba huko Katanga, nchi pana ambayo Lualaba ni sehemu yake, asubuhi za mwanzo huwa za baridi na hewa safi. Kisha moto wa nyasi na wa mashamba huijaza anga moshi. Kufikia Agosti na Septemba umbali hupotea, na kilima kilicho mbali hubaki kivuli cha kijivu. Lakini majuma hayohayo, kabla ya tone la kwanza la mvua, miombo huchipua majani mekundu, na wapendao picha za misitu huyasubiri mwaka mzima. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, huosha hewa. Mawingu huinuka mchana, na manyunyu yakipita kila kichaka cha mbali huonekana na umbo lake. Waliobeba mabamba ya vioo na wanaobeba simu wamefuata kalenda hiyohiyo.

Kabla ya kamera palikuwa na kalamu. David Livingstone alifika Ziwa Dilolo Februari 1854 akielekea Luanda, akapita tena 1855 akirudi. Kutokana na safari hizo alitambua kwamba mto Lotembwa una pande mbili, mmoja ukienda kaskazini kuelekea Kasai na mwingine kusini kuelekea Zambezi, na ziwa likiwa katikati. Aliandika pia hadithi aliyosimuliwa na wenyeji, ya kijiji kilichozama kwa sababu watu wake walimnyima chakula mama mmoja aliyekuja kuomba. Kitabu chake cha 1857 kiliifanya Dilolo jina maarufu kwa wanajiografia wa Ulaya, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa ameona sura yake. Msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858 ulikuwa na kamera, mikononi mwa ndugu yake Charles na daktari John Kirk, lakini kazi yao ilikuwa chini sana mwa mto. Verney Lovett Cameron, aliyevuka bara kutoka pwani ya mashariki hadi pwani ya Benguela kati ya 1873 na 1875, alitegemea penseli.

Kilichobadilisha mambo ni kemia. Mpaka miaka ya 1870 mpigapicha alilazimika kupaka dawa bamba la kioo, kulitumia likiwa bado bichi na kulisafisha hapohapo. Alisafiri na hema la giza, chupa za dawa na maji safi, vitu visivyovumilia mwendo wa wapagazi. Mabamba makavu ya jelatini, yaliyobuniwa na Richard Leach Maddox mwaka 1871 na kuanza kutengenezwa viwandani miaka iliyofuata, yaliweza kubebwa yakiwa tayari na kusafishwa siku nyingi baadaye. Kwa nchi iliyo miezi ya mwendo kutoka bahari yoyote, hilo lilikuwa jambo la kuamua kama picha itakuwepo au haitakuwepo.

Ndipo ikaja kazi kubwa ya kwanza ya kamera katika nchi za Lunda. Kati ya 1884 na 1888 Mreno Henrique Dias de Carvalho aliongoza msafara kutoka Luanda hadi Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Lunda, ambayo leo yamo katika territwari ya Kapanga, mkoani Lualaba. Mpigapicha wa msafara alikuwa Manuel Sertório de Aguiar, na kazi yake ilikusanywa katika albamu yenye maelezo ya Carvalho. Ni hati ya kisiasa kwanza: Ureno ilikuwa ikishindana na mfalme wa Ubelgiji na Ujerumani kuhusu nchi za ndani, na picha za wakuu, vituo na njia zilikuwa ushahidi wa kufika. Hata hivyo ndani yake mna mandhari pia. Mpigapicha alilazimika kusimamisha kamera mahali fulani, na nyuma ya watu waliopangwa mstari huonekana miti, kingo za mito na anga la nchi. Picha nyingi za zamani za eneo hili ziko hivyo: mandhari yamo kwa bahati, nyuma ya jambo lililokusudiwa.

Mandhari yalipewa nafasi ya mbele miaka kumi hivi baadaye. Mwaka 1898 Dola Huru ya Kongo ilituma Katanga msafara wa kisayansi chini ya Charles Lemaire, uliofanya kazi hadi 1900. Lemaire alikuja kupima latitudo, longitudo na usumaku wa dunia, lakini alichukua watu wawili wa picha: mchoraji Léon Dardenne na mpigapicha François Michel. Mgawanyo huo wa kazi una maana zaidi kuliko unavyoonekana. Mabamba ya wakati ule yalisikia mwanga wa buluu na karibu hayakusikia kijani wala nyekundu. Anga lilitoka jeupe bila wingu, na majani yakatoka meusi. Udongo mwekundu wa Katanga na mawe ya kijani ya malakiti, rangi mbili ambazo mchimbaji huzitafuta kwanza, zilikaribia kuwa giza lilelile kwenye karatasi. Kwa hiyo Michel alileta umbo na ukubwa, naye Dardenne akaleta rangi kwa brashi. Mtu akitaka kujua nchi ilivyokuwa mwaka 1899 hana budi kuziweka kazi za wawili hao pamoja, na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yanazo zote mbili.

Inafaa kutazama majirani wakati huohuo, kwa sababu huko Afrika Mashariki picha ya asili ilikuwa tayari imeanza kuwa sanaa inayojitegemea. Carl Georg Schillings, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitega kamera na unga wa magnesiamu usiku akawapata simba na swala penye maji. Kitabu chake cha 1905 kilisomwa sana. Mwaka 1906 Vittorio Sella, mmoja wa mabingwa wa picha za milima duniani, alipanda Rwenzori pamoja na Mtawala wa Abruzzi na kurudi na picha za theluji ambazo bado zinatumiwa kulinganisha barafu ya zamani na ya sasa. Uwanda wa Lualaba haukuwa na theluji, na haukuwa na sifa ya simba. Ulikuwa na shaba, na shaba haiwaiti wapigapicha wa aina ya Sella. Lenzi ya kuvuta mbali ilikuwa imeshabuniwa tangu 1891, lakini katika misitu ya miombo ya Katanga haikupata kazi kubwa. Watu wa huko walihitaji lenzi pana ya kuonyesha mwamba wote, na mtu aliyesimama kando yake ili kipimo kijulikane.

Wamisionari walikuja na kamera ndogo zaidi na hadhira kubwa zaidi. Mmethodisti John McKendree Springer na mkewe Helen walivuka kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini hadi Angola mwaka 1907, kwa njia ya nchi ya Lunda, na kitabu cha Springer cha 1909 kilichanganya utajiri wa madini na haja ya misheni katika pumzi moja. Baadaye Wamethodisti walifungua vituo katika eneo hilo, kikiwemo cha Kapanga, na kanisa lao Marekani likaweka albamu za picha za misheni zilizopangwa kwa mada. Picha hizo zilionyeshwa pia kwa taa ya slaidi kanisani, gizani, mbele ya waumini waliotakiwa kuchanga. Kamera ya Brownie ya Kodak, iliyotoka 1900 kwa dola moja, ilikuwa imeondoa hitaji la kuwa fundi: mtu alibonyeza, akapeleka filamu, wengine wakamsafishia. Hapo ndipo mpigapicha wa kujifurahisha, yule asiyelipwa, alipoanza kuwezekana katika Kongo, ingawa kwa miongo kadhaa alikuwa Mzungu.

Reli ndiyo iliyoifikisha Dilolo kwa wasafiri wa kawaida. Mwekezaji Robert Williams alipata kibali cha reli ya Benguela kutoka Ureno mwaka 1902. Njia ilifika mpakani 1929, baada ya kilomita 1,344 kutoka bahari, na sehemu ya Kongo kutoka Dilolo hadi Tenke, iliyoendeshwa na kampuni ya BCK, ilifunguliwa 1931. Ujenzi wa reli huzaa picha nyingi kuliko ujenzi wowote, kwa kuwa wenye hisa walioko mbali hudai kuona kila daraja. Picha za aina hii zina ufundi wa hali ya juu ambao wapenda sanaa hawajaupa haki yake: kamera kubwa, miguu mitatu imara, tundu la lenzi limefanywa dogo kabisa ili kokoto ya mbele na mti wa nyuma vyote viwe wazi.

Katikati ya ujenzi huo ramani yenyewe ilibadilika. Mwaka 1927 Ubelgiji ilikubali kuiachia Ureno kipande cha ardhi kiitwacho kiatu cha Dilolo, kiasi cha kilomita za mraba 3,500, ili kupata kilomita za mraba zipatazo tatu karibu na Matadi, zilizohitajika kwa reli na bandari ya huko. Matokeo yake mji wa Dilolo uko Kongo, na Ziwa Dilolo liko Angola. Atafutaye picha za zamani za Dilolo hana budi kuangalia mwaka na upande wa mpaka kabla ya kuamini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha.

Mashariki, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilikuwa imekuwa mpigapicha mkuu wa mkoa bila kujitangaza hivyo. Machimbo ya Kolwezi yalipopanuka kuanzia miaka ya 1930, kila ngazi ya shimo, kila tanuru na kila mtaa wa wafanyakazi uliingia katika kumbukumbu za kampuni. Mwaka 1957 kampuni ilianza kuchapa gazeti la wafanyakazi, Mwana Shaba, ambamo picha hizo zilirudi kwa watu wenyewe: michezo, shule, na mara kwa mara bwawa au maporomoko yaliyopigwa vizuri, kwa kuwa umeme wa viwanda ulitoka huko. Bonde la Nzilo kaskazini mwa Kolwezi ni mfano mzuri. Mto Lualaba ulipita hapo katika makorongo yaliyomshinda mpelelezi Alexandre Delcommune alipojaribu kuyapita kwa mashua mapema miaka ya 1890. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bwawa lilijengwa, likapewa jina lake, na ziwa likafunika sehemu ya bonde. Picha za mto kabla ya bwawa zilipigwa na wahandisi waliokuwa wakipanga kuufunga. Leo wakazi wa Kolwezi huenda Ziwa Nzilo mwisho wa juma kupumzika na kupigana picha, na wengi wao wamezaliwa baada ya korongo kufunikwa.

Upande wa wageni kulikuwa na biashara ya kadi za posta. Mpolandi Casimir Zagourski, aliyehamia Léopoldville mwaka 1924 na kufia huko 1944, alisambaza mamia ya picha chini ya kichwa cha Afrika inayotoweka. Alikuwa na jicho zuri kwa mwanga na mto, lakini kichwa hicho kilimfunga: kilichokuwa kinakuja, yaani reli, nguzo za umeme na magari, kilibaki nje ya fremu, na mandhari yake yakawa ya wakati usiojulikana. Picha ya mhandisi wa BCK, isiyo na nia yoyote ya uzuri, humwambia mwanahistoria mambo mengi zaidi.

Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa 1939, ilileta aina nyingine ya mpigapicha. Kati ya 1946 na 1949 Gaston-François de Witte aliongoza utafiti mkubwa huko, na taasisi ya hifadhi za Kongo ya Kibelgiji ilichapisha matokeo katika mfululizo wa vitabu. Humo mandhari hupigwa kwa sababu ya makazi ya wanyama: kinamasi, ukingo wa msitu, mbuga ya juu. Urithi wa utafiti wa namna hiyo hujitokeza mpaka leo kwa njia zisizotarajiwa. Swala wa vinamasi wa Upemba, aina ya lechwe, alielezwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005 kwa kutegemea vielelezo vya makumbusho vilivyokusanywa miongo mingi kabla. Picha ya kwanza inayojulikana ya mnyama huyo akiwa hai ilichapishwa 2025, ikiwa imepigwa kutoka kwenye ndege wakati wa kuhesabu wanyama.

Waafrika walikuwa nyuma ya kamera Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Herzekiah Andrew Shanu, aliyetoka Lagos, alikuwa na studio Boma na picha zake zilitoka katika magazeti ya Ubelgiji miaka ya 1890. Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, alizunguka Kasai na kamera ya sanduku mwishoni mwa miaka ya 1930. Joseph Makula aliajiriwa na shirika la picha la serikali ya kikoloni, Congopresse, mwaka 1956. Lakini mteja wa mpigapicha Mwafrika alitaka sura yake, si kilima. Katika miji ya shaba kama huko Afrika Mashariki, mandhari yaliingia studioni kwa mlango wa nyuma, yakiwa yamechorwa kwenye pazia: ziwa, mnazi, ngazi za jumba, mara nyingine ndege. Mfanyakazi wa Kolwezi aliyevaa suti yake ya Jumapili alisimama mbele ya bahari ambayo hajaiona, kilomita chache kutoka vilima ambavyo hakuna aliyeviona kuwa vinafaa kwa picha.

Wapenzi wa mandhari katika Katanga ya miaka ile walikuwa wachoraji. Tangu 1946 karakana ya Pierre Romain-Desfossés huko Élisabethville (Lubumbashi ya leo), maarufu kwa jina la Le Hangar, ilitoa ndege, samaki na misitu ya Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliuza kwa wafanyakazi picha za kutundika sebuleni, na mandhari ya mto, kijiji na wanyama yalikuwa moja ya aina zilizonunuliwa sana. Hamu ya kutazama nchi ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni filamu ya bei nafuu, na baadaye ruhusa.

Ruhusa iliadimika hasa chini ya utawala wa Rais Mobutu. Stesheni, madaraja, viwanja vya ndege na migodi havikupigwa picha bila kibali, na katika mkoa ambao karibu kila upeo wa macho una kimoja kati ya hivyo, katazo hilo lilimaanisha mandhari yote. Vita viliongeza shaka. Reli ya Benguela ilikatika 1975 Angola ilipoingia vitani. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi, walivuka kutoka Angola na kuishika Dilolo pamoja na miji mingine ya magharibi. Mei 1978 waliingia Kolwezi, na picha za mji huo zilizozunguka dunia zilikuwa za askari wa miamvuli. Aliyeonekana Dilolo akielekeza kamera mpakani alikuwa na maelezo ya kutoa. Kwa kizazi kizima, picha za eneo hilo ni za harusi, ubatizo na misiba.

Mabadiliko yalikuja kutoka Lubumbashi, na chanzo chake ni kumbukumbu za kampuni zilezile. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978 na kuanza kama mchoraji wa katuni, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, akawakata na kuwabandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, vilivyokuwa vikioza. Mfululizo huo, Mémoire, wa katikati ya miaka ya 2000, ulipewa tuzo katika maonyesho ya Bamako mwaka 2007. Mandhari yake ni mapana, ya kijivu na mekundu, yamepigwa kwa subira ya mpimaji. Baadaye alitengeneza picha ndefu kwa kuunganisha fremu nyingi, katika mfululizo wa Raccords, njia mojawapo ya kuingiza shimo la mgodi au kiwanda kizima bila lenzi kupinda mistari. Mwaka 2011, katika maonyesho ya Tervuren yaliyoitwa Congo Far West, alirudi kwa Lemaire na kuzitumia picha za Michel na rangi za maji za Dardenne kama malighafi, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza.

Kazi yake inayohusu zaidi habari hii ni ile iitwayo Kolwezi, ya miaka ya mwanzo ya 2010. Katika makambi ya wachimbaji wa mikono Baloji aliona mabango ya karatasi kutoka China: bustani, maporomoko ya maji, majumba kando ya ziwa, rangi zote zimezidishwa. Aliyaweka kando ya picha zake za mashimo na mahema. Wengi wameisoma kazi hiyo kama kejeli, lakini usomaji huo ni mwepesi mno. Wachimbaji waliyanunua mabango hayo kwa pesa yao na kuyatundika walipolala, kama wazazi wao walivyonunua mandhari ya wachoraji wa mitaani na babu zao walivyosimama mbele ya pazia la studio. Mapenzi ya picha ya asili katika mkoa wa shaba hayajawahi kukatika. Yamekuwa yakielekezwa kwenye asili ya mahali pengine.

Mwaka 2008 Baloji, Mudekereza na wenzao walianzisha Picha, chama kilichozaa maonyesho yanayofanyika Lubumbashi takriban kila miaka miwili. Toleo la 2010 lilisimamiwa na Simon Njami, la 2019 na Sandrine Colard. Umuhimu wake kwa wapigapicha wa kawaida si majina hayo makubwa. Palipatikana mahali ambapo kijana mwenye kamera ya mkono wa pili angeona picha kubwa iliyochapwa vizuri ya nchi yake mwenyewe, akauliza imepigwa kwa lenzi gani, na kujibiwa na aliyeipiga. Georges Senga ni mmoja wa waliokua katika mazingira hayo. Léonard Pongo, mzaliwa wa Liège, ameipiga ardhi ya Kongo kama kiumbe chenye uhai katika mfululizo wa Primordial Earth.

Tangu simu zenye kamera nzuri zienee, wapendao picha za asili Kolwezi na pembezoni mwake wameongezeka, na maarifa yanayopita kati yao ni ya vitendo. Kwenye tambarare ya Dilolo lenzi pana sana huleta anga tupu na mstari wa nyasi. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 au ya urefu wa kati hukusanya miti na kutoa kina. Lenzi ndefu wakati wa kipwa huzidisha moshi badala ya kuukata, kwa hiyo hutumiwa alfajiri au huachwa mpaka mvua. Chujio la kupunguza mng'ao husaidia majani yaliyolowa kuonyesha rangi yake. Vumbi jekundu la barabara za malori ya madini ndilo adui wa kwanza wa lenzi za kubadilisha, na fundi mwenye uzoefu habadilishi lenzi nje ya gari. Unyevu wa Januari na Februari huleta kuvu ndani ya vioo. Begi lenye vifuko vya kukausha ni lazima, si anasa. Vifaa vingi ni vya mkono wa pili, mara nyingi vikija kupitia Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo kutazama lenzi dhidi ya mwanga kabla ya kulipa kumekuwa ujuzi wa kufundishana.

Kuna pia mada ambayo mkoa huu unayo na mikoa mingi haina: maua ya shaba. Paul Duvigneaud alieleza mimea ya udongo wa madini wa Katanga katika miaka ya 1950, ikiwemo Haumaniastrum na Crotalaria ambazo huvumilia shaba au kobalti inayoua mimea mingine, na watafuta madini walikuwa wakizitumia kama alama. Baadhi ya spishi huishi kwenye vilima vichache tu. Migodi ya Tenke na Fungurume imewahi kushirikiana na vyuo vya Lubumbashi na Ubelgiji kuhamisha mbegu na udongo kabla ya kilima kuchimbwa. Picha ya karibu ya ua la namna hiyo, ikiwa na tarehe na mahali palipoandikwa sawasawa, huwafaa wataalamu wa mimea, na ni moja ya nafasi chache ambapo mpigapicha wa kujifurahisha anaweza kuleta kitu ambacho kampuni haijakipiga.

Kikwazo kilichobaki ni kibali. Migodi ni milki iliyofungwa, na reli, madaraja na mipaka bado huangaliwa kwa jicho la usalama. Droni huhitaji ruhusa ya pekee. Kwa kawaida wanaotoka kwenda kupiga picha hupita kwanza kwa chifu wa mahali na ofisi ya territwari, huchagua mto au msitu ulio mbali na uzio, na huenda wawili au zaidi. Magharibi mambo ni mepesi kidogo kwa sababu migodi ni michache. Reli ya Benguela ilijengwa upya upande wa Angola na kuzinduliwa hadi Luau mwaka 2015, na mwaka 2018 madini ya Katanga yalianza tena kupita Dilolo kuelekea Lobito. Pamoja na mabehewa hayo wamerudi wapigapicha wa wawekezaji na wa magazeti, na picha nyingi za Dilolo zinazochapishwa sasa ni za treni, zikiwa na miombo nyuma yake.